Mama Alipokaa Eda

Juzi mjukuu wangu alitaka sweta, nikafuatana naye Kongowea kwenye marundo ya mitumba. Muuzaji mmoja alikung'uta koti zito jeusi la kiume, na harufu yake ikanifikia kabla sijaliangalia vizuri: sufu iliyoloa ikakauka, tumbaku, na moshi wa kuni. Nilishika meza. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, wasikia kizunguzungu?" Nikamwambia ni jua. Haikuwa jua. Nyinyi wa umri wangu mnajua jinsi harufu inavyoweza kumkokota mtu mpaka mahali ambapo hakupanga kurudi. Kwa muda ule nilikuwa tena mtoto wa Mtongwe, nimeketi kizingitini, nalinda mlango.

Tulikuwa wapangaji katika nyumba ya Bi Zuhura. Ilikuwa nyumba ya udongo na mawe, paa la makuti, ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, uani kisima na jiko. Bi Zuhura alikuwa mwenyeji wa wenyeji, mjane asiye na mtoto, mshona kofia. Sisi tulikuwa watu wa bara, kutoka upande wa ziwa. Baba alikuwa kuli bandarini. Kila alfajiri aliteremka ufukoni akavuka kwenda Kilindini, na jioni alirudi na vumbi la saruji kwenye nyusi. Mama jina lake Rebeka. Nikimfikiria leo naona alikuwa msichana tu, ila alikuwa na watoto wawili: mimi, niliyekuwa nimeanza kung'oa meno, na mdogo wangu Ouma, aliyekuwa bado akibebwa akichoka.

Ndani ya chumba chetu niliitwa Anyango. Nje ya chumba niliitwa Mwanaisha, kwa kuwa Bi Zuhura alisema ulimi wake hauliwezi lile jina la kwanza. Niliitika yote mawili. Jumapili nilivuka maji na mama kwenda kanisani, na siku nyingine niliketi nyuma ya watoto wa chuo cha Kurani, nikiimba alifu na bee pamoja nao, na mwalimu hakunifukuza. Sikuona kwamba hayo yalikuwa mambo mawili. Mtoto haoni ukuta mpaka siku atakapoambiwa achague upande.

Siku moja mzigo ulikatika kwenye winchi, na baba alikuwa chini yake. Walimzika huku huku, maana kwao kulikuwa mbali na joto lilikuwa kali. Ninachokumbuka ni vumbi jeupe kwenye viatu vyake vilivyoletwa peke yake, na sauti ya king'ora cha bandarini, ambacho tangu siku ile sikuweza kukisikia bila kumtazama mama usoni.

Mwezi haujaisha, akaja Baba Mkubwa.

Alikuwa kaka yake baba, mrefu, mpole wa mwendo, aliyeng'olewa meno ya mbele ya chini kwa desturi ya kwao. Alikuja na treni, akavuka maji, akafika kwetu adhuhuri amevaa koti la sufu jeusi, jasho likimtiririka shingoni. Alimpa mama mkono, akamlilia ndugu yake kwa sauti nzito, kisha akavua lile koti. Hakutafuta pa kuliweka. Alinyoosha mkono akalitundika kwenye msumari wa baba, ambao tangu msiba ulikuwa mtupu.

Nilimwona mama akilitazama koti lile. Alitoka uani, nami nikamfuata, nikamsikia akimwambia Bi Zuhura aliyekuwa akichambua mchele:

"Amekuja kunirithi."

Bi Zuhura aliacha kuchambua.

Neno hilo nililijua. Dada yake Bi Zuhura alikuwa amefariki mvua zilizopita, na warithi walikuja na mkokoteni. Niliwaona wakifunga kitanda chake cha besera kwa kamba, miguu juu, wakachukua sanduku la njumu na sufuria za shaba, na mmoja akarudi kuchukua hata kinu. Basi kurithiwa kwa fahamu yangu kulikuwa ndiko huko. Mama angefungwa kamba. Angebebwa kwenye mkokoteni mpaka ufukoni, angepakiwa, na chumba chetu kingebaki na alama sakafuni pale alipokuwa. Nilianza kumtazama mama kwa namna mpya, nikijiuliza kamba itapita wapi, kiunoni au chini ya makwapa.

Bi Zuhura alinawa mikono, akajitanda leso, akatoka barazani alikoketi Baba Mkubwa.

"Karibu, bwana. Poleni kwa msiba," alimwambia. "Lakini nikwambie mapema tusije tukalaumiana. Nyumba hii ni yangu, na mjane katika nyumba yangu hukaa eda. Miezi minne na siku zake. Hatoki, hajipambi, wala haketi na mwanamume anayeweza kumuoa. Awe wa dini gani, chini ya paa langu ndivyo."

Baba Mkubwa alifikiri sana. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alikisema kwa heshima, macho chini.

"Hata sisi iko siku ya kulia," alisema. "Mimi hapana vunja sheria ya nyumba ya mama. Mimi nangoja tu."

"Basi mtoto akuletee koti lako."

"Koti wacha ikae," alisema. "Itangoja na yeye."

Ndivyo ilivyokuwa. Alipata malazi kwa mtu wa kwao aliyekuwa jirani, na siku alizokosa kibarua bandarini alikuja kukaa kwenye baraza yetu. Alikuja jua likiwa changa, akaondoka likizama. Hakugombana na mtu. Hakupaza sauti. Waliopita walimsalimu, naye aliwaitikia, na walipomuuliza habari alijibu neno lile lile, "Nangoja tu." Laiti angekuwa mkali, labda ningemwogopa kidogo tu na kumchukia sana. Lakini alikuwa na subira, na subira yake ilikuwa kama maji yanayojaa ufukoni: huyaoni yakija, unaona tu kwamba pale ulipokuwa umesimama pamelowa.

Ndani, koti lilining'inia. Mama hakuligusa. Upepo wa kusi ulipopita dirishani mikono yake ilitikisika, na mimi nilikuwa na yakini kwamba lilikuwa likisikiliza. Mama alipokuwa na jambo la kumwambia Bi Zuhura alilisema uani, na nikadhani yeye pia anajua. Harufu ile iliingia kwenye mkeka, kwenye mto, kwenye nywele zetu. Harufu ya baba, ya sabuni na saruji, iliondoka chumbani bila kuaga.

Nami nikaanza kazi yangu ya kulinda. Niliketi kwenye kizingiti cha chumba, mgongo kwenye mwimo mmoja na miguu kwenye mwimo wa pili, ili mtu yeyote mwenye kamba asipite bila kuniruka. Niliacha kwenda chuoni. Wenzangu waliponiita kucheza nilisema tumbo lauma. Nilikula pale. Bi Zuhura alidhani ni majonzi, akanisomea na kunipulizia maji.

Mama alikuwa akijifunza kushona kofia. Bi Zuhura alimwonyesha namna ya kutoboa matundu madogo na kuyazungushia uzi mpaka yawe kama macho ya samaki, akamkemea, akafumua, akamwambia aanze tena. Alasiri nyingi walikaa hivyo uani, kichwa kwa kichwa, mama kwa kaniki yake nyeusi aliyopewa ya kukalia eda. Kutoka kizingitini kwangu niliwasikia.

"Rebeka mwanangu," Bi Zuhura alisema alasiri moja, "mimi ningekuwa wewe ningesilimu. Ukishasilimu, yule hana njia. Dini yetu mtu harithi mtu."

Mama alivuta uzi. "Nimefikiri, Bi Zuhura. Nimefikiri sana. Lakini nikisilimu kwa kumkimbia mtu, itakuwa nimeufanya msikiti pango."

"Mungu hamfukuzi ajaye kujificha."

"Najua. Lakini mimi mwenyewe nitajijua. Kila nikiinama nitajiuliza, hapa nasali au nimejibanza?"

Bi Zuhura alimchukulia kofia mkononi, akaigeuzageuza. Nilidhani amekasirika. Kisha akamrudishia ile kofia.

"Basi shona," alisema. "Na lile tundu la pembeni umelipotoa, lifumue."

Mchungaji wa kanisa letu naye alivuka siku moja. Aliketi na Baba Mkubwa barazani, wakazungumza kwa lugha ya kwetu, akanywa chai, akaombea nyumba nzima akiwa amesimama mlangoni, akarudi zake. Mama aliuliza, "Amesemaje?" Bi Zuhura akajibu, "Amesema tuombe." Na mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, kicheko kifupi ambacho hakikunipendeza.

Ouma ndiye pekee katika nyumba ile aliyekuwa na furaha. Alikuwa amemtafuta baba chini ya kitanda na nyuma ya kisima, na alipoambiwa kwamba mgeni huyu ni Baba Mkubwa, alielewa alivyoelewa: kwamba baba amerudi, amekua. Ile sura ilikuwa ya baba, kwa kweli, ila ndefu zaidi na nzito zaidi. Alikwenda kuketi karibu naye barazani, kwanza mbali kidogo, siku ya pili karibu, kisha kwenye paja. Baba Mkubwa alimfinyangia ng'ombe wa udongo wenye pembe ndefu, akawaanika juani, akampa kila mmoja jina. Alimwambia kuna njugu kwenye mfuko wa koti, naye Ouma alikuja akatia kichwa chote ndani ya lile koti nililoliogopa, akatoka na njugu kiganjani, ananuka tumbaku, anacheka. Alinipita mlangoni akienda na akirudi. Nilimpisha, kwa sababu hakuwa na kamba.

Jioni, akiwa amelala mgongoni kwenye mkeka, Ouma alianza kutaja majina. Ouma wa fulani, wa fulani, wa fulani, mababu kupita mababu, majina ambayo mimi sikuwahi kufundishwa. Sindano ya mama ilisimama. Alimtazama mtoto kwa mwanga wa kibatari, kisha akasema, "Lala, baba," na sindano ikaendelea.

Eda ikaisha, kama kila kitu chenye hesabu. Siku ile Bi Zuhura alimchotea mama maji kwa mkono wake, akamwogesha uani nyuma ya makuti, akamvua ile kaniki, akamfunga leso mpya za kisutu ambazo bado zilikuwa na wanga, akamfukiza udi. Nilikuwa nimeona mabibi harusi wakifanyiwa hivyo hivyo. Nikajua kwamba Bi Zuhura alikuwa upande wao tangu zamani, kwamba alikuwa akimtunza mama kama mtu anavyotunza kuku wa mwenzake, na sasa anamtoa. Nilimshika mama leso nikasema, "Usitoke." Alinibandua vidole kimoja kimoja.

"Natoka mwenyewe," alisema. "Hakuna anayenitoa."

Alasiri walikuwapo ukumbini Baba Mkubwa na wazee wawili wa kwao waliokuja kutoka Changamwe, wamevua kofia zao za pama, wameziweka magotini. Ouma alikuwa ameketi mapajani mwa Baba Mkubwa. Bi Zuhura alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa chumba chake, tasbihi mkononi. Mama alitoka akiwa amebeba lile koti. Alikuwa amelikunja vizuri, kama nguo iliyopigwa pasi. Alipiga magoti kwa adabu, akalitoa kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema, na akasema kwa Kiswahili ili Bi Zuhura asikie, "koti lako hili. Hakikupotea kitu, ila njugu."

Mzee mmoja akamwambia ajue anachofanya. Ng'ombe waliomtoa kwao walitoka boma la akina baba, na mwanamke wa boma hawi mti wa njiani.

"Nilikuja huku kwa sababu nilimpenda ndugu yenu," mama alisema. "Nilipanda treni peke yangu kumfuata. Ng'ombe walikuja baadaye. Aliyenileta amekufa, na mimi sina mwingine. Nitashona kofia."

Baba Mkubwa aliliangalia koti. Sikumwona akikasirika. Nadhani leo kwamba labda naye alipumua. Alikuwa na mke kwao, na watoto, na huenda alitumwa kama mimi nilivyotumwa dukani. Alilichukua akaliweka begani. Mimi kule kizingitini nilikunja miguu, nikauacha mlango wazi. Kamba haikuonekana mahali. Tulikuwa tumeshinda.

"Sawa," alisema Baba Mkubwa. "Mimi hapana funga mtu. Basi mimi nachukua mtoto."

Mama hakufahamu mara moja. Niliona. Alikuwa amejiandaa miezi yote ile kwa ajili ya nafsi yake, na neno lake moja alikuwa amelisema.

"Mtoto mwanamume iko kwao," Baba Mkubwa aliendelea, taratibu, kama mtu anayeomba radhi. "Iko boma, iko kaburi ya babu. Hapana weza kua kwa nyumba ya kupanga."

Mama alimgeukia Bi Zuhura. Sote tulimgeukia. Yeye ndiye aliyekuwa na sheria. Alikuwa ameuzuia mlango kwa sheria miezi yote hiyo, na tulingoja aitoe nyingine. Tasbihi yake iliacha kwenda. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mtoto ni wa kwao baba yake," alisema. "Hata kwetu sisi ndivyo, Rebeka. Siwezi kukuongopea."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimelinda mlango usio wenyewe. Ouma alikuwa akitembeza ng'ombe wake wa udongo juu ya goti la Baba Mkubwa, hana habari.

"Na mimi?" niliuliza. Sikuwa na ruhusa ya kusema mbele ya wazee, lakini nilisema.

Mzee wa pili alinitazama, na nakumbuka macho yake hayakuwa mabaya. "Huyu wa kike mwachie mama yake," alisema. "Atamtekea maji. Kesho kutwa ataolewa, yeye si wa kukaa mahali."

Nilikimbilia kwa mama nikamshika shingo, nikafurahi. Nilifurahi kweli. Lakini chini ya furaha ile kulikuwa na kitu kama jiwe la mchele unalolitafuna bila kutazamia, na nimelitafuna miaka mingi. Nilibaki na mama yangu kwa sababu hapakuwa na aliyenitaka.

Waliondoka siku ya pili, mchana. Tuliwasindikiza mpaka ufukoni, pale Mtongwe watu walipopandia kuvuka. Mama alikuwa amemkata Ouma nywele na kumshonea kaptura kwa kitambaa cha shati la baba. Ouma alikuwa akizungumza habari za treni tangu asubuhi, itapiga kelele gani, itapita wapi. Baba Mkubwa alimbeba akaingia naye chomboni, akamketisha mbele. Maji yalikuwa yamejaa, meusi, na ng'ambo winchi za bandari zilikuwa zikiinua na kushusha, kuinua na kushusha.

Chombo kilipoanza kusukumwa, Ouma alitazama nyuma, akatuona tungali mchangani. Akasogea akaacha nafasi kando yake.

"Mama, panda," alisema. "Mwambie Anyango apande."

Mama alisimama. Alimwinulia mkono, akatabasamu, akaendelea kutabasamu mpaka sauti ya Ouma ilipokuwa haifiki tena kwetu, ila mdomo tu ukifunguka na kufungwa. Kisha akaketi kwenye mchanga wenye maji, na leso zake za kisutu, na Bi Zuhura akaketi naye.

Hatukuhama. Mama akawa mshona kofia ambaye watu wa mjini walivuka kumfuata. Hakusilimu, si wakati ule. Jumapili alikwenda kwake, na Ramadhani alifunga pamoja na Bi Zuhura, akisema hawezi kula mwenzake akitazama. Mimi nilirudi chuoni, na nilipopevuka nilichagua njia yangu bila kusukumwa na mtu, na mama hakuniuliza ila neno moja, kama ninajificha. Nikasema la.

Ikaja miaka ya makelele. Watu walisema pwani itabaki na wenyewe, wengine wakasema nchi ni moja, na vijana walipita barazani wakisema wabara wafungashe. Bi Zuhura, mzee sasa, aliwaita mmoja mmoja kwa majina ya mama zao, akawauliza kofia walizovaa zimeshonwa na nani. Walipita kimya. Lakini jioni tulifunga mlango mapema, na mama aliweka nguo zetu tayari ndani ya kapu, miezi mizima. Huku tulikuwa wabara; na bara, mwenye kwao alikuwa Ouma peke yake.

Uhuru ulikuja, bendera ikapandishwa, na hakuna aliyetutoa. Baadaye kidogo, mchana mmoja wa joto, tulikuwa ukumbini tunashona, na kijana akasimama mlangoni, jua nyuma yake. Alikuwa mwembamba, miguu imejaa vumbi.

"Hodi," alisema, kama mtu aliyefundishwa neno hilo njiani.

Mama hakuinua macho. "Karibu, mwanangu," alisema, kama alivyomwambia kila mtoto wa mtaa aliyekuja kuchukua kofia. "Umetumwa na nani?"

Kijana alitafuta maneno.

"Mimi hapana tumwa," alisema. "Nimekuja mwenyewe."

Mama akaweka kofia chini. Alimtazama kwa muda mrefu, mpaka mimi nikaingiwa na hofu. Hakumkimbilia. Alisogea tu kwenye mkeka akampa nafasi, na kijana akaketi, magoti juu, kama mgeni.

"Umekuja kukaa," mama akamuuliza, "au umekuja kutembea?"

"Sijui," alisema Ouma.

"Basi kaa," mama akamwambia, "mpaka ujue."